Krismasi na okestra: upande treni uende Nairobi, ubaki kanisani Mombasa, au usikilize nyumbani?

Kila Desemba inapokaribia, wapenzi wa kwaya hapa Mombasa hujikuta na swali lile lile. Tamasha kubwa la Krismasi, lile la okestra mbele na kwaya nyuma, kwa kawaida liko Nairobi. Hapa mjini tuna ibada za nyimbo za Krismasi, nyingine nzuri sana, na mlangoni hakuna kiingilio. Kwenye simu kuna kila kitu, kutoka London hadi Leipzig, mradi una bando. Sasa uende wapi?

Jibu langu nalitoa mapema. Kama hujawahi kuketi mbele ya okestra inayopiga ana kwa ana, nenda Nairobi mwaka mmoja, hata ikibidi ubane matumizi mengine. Kama umeshawahi, au kama unachokitaka hasa ni kuimba, baki Mombasa. Kusikiliza nyumbani kuwe maandalizi tu, kusichukue nafasi ya hayo mawili. Lakini watu hatulingani. Kuna mwenye watoto wadogo, kuna mwenye mama mzee, kuna anayefanya kazi bandarini ambaye Desemba nzima ana jioni moja ya kupumua. Kwa hiyo tuyapime moja moja.

Sauti ambayo spika haiibebi

Okestra ya simfoni ikiwa kamili huwa na wapiga ala kati ya 70 na 100. Zaidi ya nusu yao hupiga ala za nyuzi: fidla zilizogawanywa makundi mawili, viola, chelo, na zile besi kubwa ambazo mpigaji huzipiga akiwa amesimama. Nyuma yao hukaa wa filimbi, obo, klarineti na fagoti, kisha pembe, tarumbeta na tromboni, na mwisho kabisa ngoma. Okestra za Kenya mara nyingi ni ndogo kuliko hivyo, ila mpangilio ni huo huo.

Fika mapema, uwe umeketi kabla hawajaanza, kwa sababu kuna jambo litakalotendeka ambalo rekodi nyingi hulikata. Mpiga obo hutoa noti moja ndefu, ile ya mitetemo 440 kwa sekunde, na ukumbi hunyamaza. Obo ni ndugu wa nzumari yetu ya pwani; zote mbili hutoa sauti kwa ndimi mbili nyembamba zinazotetemeka midomoni, na ndiyo maana sauti yake hupenya hata kukiwa na makelele. Fidla huijia noti ile kutoka chini, zikaipanda, zikaishika. Chelo hufuata, kisha besi. Kwa sekunde chache unazisikia ala zote zikitafutana mpaka zikutane. Hakuna wimbo uliopigwa bado, na tayari umepata kitu ambacho simu haijawahi kukupa.

Noti ya chini kabisa ya besi kubwa ina mitetemo kama 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Sikio lako hukisia tu kwamba ipo. Ukumbini unaisikia kwa nyayo na kwa ubao wa benchi uliokalia. Hali kadhalika ngoma za okestra: kwenye simu ni kishindo kikavu, ukumbini ni kitu kinachokuingia kifuani.

Kisha kuna kwaya, nayo huimba bila vipaza sauti. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Makanisa yetu mengi yamezoea vipaza sauti hata pale ambapo jengo halivihitaji, na sauti nne za kwaya hufika kwetu zikiwa zimebanwa ndani ya kisanduku kimoja ukutani. Katika tamasha, sauti ya kwanza inatoka pale inaposimama, besi inatoka pale inaposimama, na ukifumba macho unaweza kuonyesha kwa kidole nani anaimba nini. Kabla hawajaanza kuimba, watu wote wale huvuta pumzi kwa pamoja, na pumzi ile husikika.

Sisi wa pwani tuna faida moja: fidla si ala ngeni kwetu. Taarabu imetulea na fidla, udi, kanuni na akodioni. Tofauti ni kwamba katika taarabu fidla kwa kawaida huandamana katika njia moja ya wimbo na kumjibu mwimbaji, ilhali katika okestra kila kundi lina njia yake, na njia hizo hupishana. Sikio lililozoea wimbo mmoja linaweza kuhisi limepotea dakika kumi za mwanzo. Dawa yake ni hii: chagua kundi moja, tuseme chelo, ulifuate kwa macho mpaka mwisho wa kipande. Kipande kinachofuata, hamia kundi jingine. Kabla ya mapumziko utakuwa umeshashika njia. Na tofauti nyingine: hapa hakuna kuinuka kwenda kumtunza mwimbaji, wala vigelegele katikati. Watu hupiga makofi kipande chote kikishaisha, mwongozaji akishateremsha mikono. Ukiwa na shaka, ngoja wenzako waanze.

Soma orodha ya nyimbo kabla ya kulipa

Mabango huandika "tamasha la Krismasi" kwa mambo ambayo hayafanani kabisa. Mtu aliyetegemea nyimbo anazozijua akakuta oratorio, yaani hadithi ya dini inayoimbwa na kwaya na okestra mwanzo hadi mwisho, ya saa mbili na nusu, hurudi nyumbani amenuna hata kama muziki ulikuwa wa hali ya juu.

Oratorio inayoimbwa sana Desemba ni Messiah ya Handel. Aliitunga mwaka 1741 kwa wiki tatu na ushee, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Yaani ilizaliwa majira ya Pasaka, na Krismasi ilikuja kuichukua baadaye. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni unabii na kuzaliwa kwa Yesu, ya pili ni mateso na ufufuo wake, na ya tatu inahusu ufufuo wa wafu. Ile Haleluya ambayo kwaya nyingi za Afrika Mashariki huiimba kwa Kiswahili ndiyo inayofunga sehemu ya pili. Waandaaji wengi wa Desemba huimba sehemu ya kwanza, kisha wakaongeza Haleluya mwishoni. Uliza kabla ya kununua tiketi, kwa sababu tofauti kati ya hiyo na Messiah nzima ni zaidi ya saa moja, na saa moja ni nyingi ukiwa na mtoto au mgongo unaouma.

Maneno ni Kiingereza, lakini usihofu kubaki nje. Charles Jennens, aliyeyapanga, aliyatoa katika Maandiko. Usiku wa kuamkia tamasha soma Isaya 40, Isaya 9 na Luka 2 katika Biblia yako ya Kiswahili, na Ufunuo 19 kwa ajili ya Haleluya. Ukisikia mwimbaji wa sauti ya tatu akianza peke yake baada ya ala, hapo ni Isaya 40, watu wanafarijiwa. Utafuata bila kulazimika kushika kila neno.

Na utazame ala zisizopigwa. Tarumbeta hukaa kimya mpaka malaika wanapowatokea wachungaji, na hata hapo Handel aliandika zipigwe kana kwamba zinatoka mbali, kwa sauti ya chini. Ngoma husubiri zaidi: hazigongwi hata mara moja mpaka Haleluya. Messiah ikiimbwa nzima, mpiga ngoma hukaa zaidi ya saa moja na nusu mikono yake magotini. Nilimwonyesha mpwa wangu yule mtu, nikamwambia amlinde asije akalala, na mtoto alikaa macho jioni yote kwa ajili ya kazi hiyo. Ngoma zilipolia alinishika mkono kwa nguvu.

Wakati wa Haleluya wasikilizaji wengi husimama. Husimuliwa kwamba Mfalme George II wa Uingereza alisimama, na wote wakalazimika kusimama naye, ingawa hakuna ushahidi wa wakati ule kwamba alikuwepo. Desturi imebaki. Ukiona wenzako wameinuka, inuka nao.

Aina ya pili ni tamasha la mchanganyiko, na kwa anayeanza hili ndilo ningelipendekeza. Hupigwa vipande vifupi, kwaya huimba nyimbo zinazojulikana, na mara nyingi wasikilizaji nao hualikwa kuimba. Kipande kinachopatikana mara kwa mara ni mfululizo wa vipande vya dansi kutoka baleti ya Tchaikovsky, The Nutcracker, iliyochezwa kwanza Urusi mwaka 1892. Mfululizo ule ni wa dakika ishirini na kitu, na kila kipande kina rangi yake, hivyo mtoto hapati muda wa kuchoka. Kingine ni Sleigh Ride ya Mmarekani Leroy Anderson, kuhusu gari la kuteleza juu ya theluji. Sisi tunaosikiliza Desemba joto la kaskazi likitutoa jasho hatuna haja ya kujiona wageni kwenye kipande hicho, kwa sababu Anderson mwenyewe alikianza Julai 1946 wakati wa wimbi la joto. Ndani yake mna mbao mbili zinazogonganishwa zikalia kama mjeledi, na mwishoni tarumbeta huiga mlio wa farasi. Watoto huomba kirudiwe.

Aina ya tatu ni Oratorio ya Krismasi ya Bach, kantata sita, yaani nyimbo ndefu za ibada za kwaya na ala, alizoziandaa Leipzig kwa siku sita za sikukuu, kuanzia Krismasi ya 1734 hadi tarehe 6 Januari 1735. Ni muziki mkuu, lakini ni wa Kijerumani na unadai subira. Usianze nao.

Hesabu ya Nairobi

Nairobi ina mizizi ya muziki huu. Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifundisha tangu 1944. Nairobi Orchestra ni ya wapiga ala wa kujitolea, watu wenye kazi zao mchana wanaokutana jioni kufanya mazoezi. Ghetto Classics ilianza Korogocho mwaka 2008 na imefundisha fidla na tarumbeta watoto ambao wasingeziona kwingine. Kazi yake imefika hadi Mombasa. Safaricom Youth Orchestra ilifuata mwaka 2014. Ukimwona kijana wa miaka kumi na sita ameshika chelo Nairobi leo, inawezekana sana amepitia mikononi mwa mmoja wa hawa.

Gharama sasa. Tangu Januari 2024 nauli ya treni ya Madaraka kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, kwenda tu. Mtu mmoja kwenda na kurudi daraja la kawaida ni 3,000. Mke na mume ni 6,000. Watoto wenye umri wa kulipa nusu nauli, wawili, wanaifikisha 9,000. Ongeza malazi ya usiku mmoja, chakula, na usafiri wa mjini. Tiketi ya tamasha weka pembeni kwa kuwa kila tamasha lina bei yake, lakini kwa familia inayotoka pwani mara nyingi si hiyo inayouma.

Malazi nimeyataja kwa sababu. Treni ya asubuhi huondoka Miritini saa mbili na kukufikisha Syokimau mchana, na kutoka Syokimau hadi katikati ya Nairobi kuna safari nyingine, ambayo foleni za Desemba huirefusha. Kuliwahi tamasha la saa kumi jioni inawezekana, ila utaingia ukumbini umechoka na una njaa. Kurudi usiku huo huo ndiko kugumu. Treni ya usiku huondoka Nairobi saa nne usiku, na kabla ya hapo kuna ukaguzi wa mizigo. Tamasha likiisha saa tatu mjini, hiyo hutaiwahi. Wanaojaribu huishia kutoka kabla ya wimbo wa mwisho, na katika tamasha la Krismasi wimbo wa mwisho ndio ambao kila mtu huwa ameufuata. Lala Nairobi.

Kuna jambo ambalo watu wa bara hawalijui na sisi tunapaswa kulikumbuka. Katikati ya Desemba umati wote unashuka pwani. Treni ya kwenda Nairobi inaweza kuwa na nafasi, lakini ya kurudi Mombasa imejaa watu wanaokuja likizoni. Kwa hiyo nunua tiketi ya kurudi kwanza. Ukiipata, ndipo ununue ya kwenda, kisha ya tamasha. Mabasi yapo, lakini ni usiku mzima barabarani na nauli zao hupanda msimu huo.

Kiti gani? Wengi hukimbilia safu ya mbele wakidhani ndiyo bora. Kwa okestra yenye kwaya si kweli. Kwaya iko nyuma ya ala, na ukikaa mbele kabisa utasikia fidla tatu zilizo karibu nawe kuliko waimbaji wote. Kaa katikati, au juu kidogo kama kuna roshani. Ikiwa ni kanisa la mawe kama All Saints Cathedral, ambako jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917, usikae mwisho kabisa pia; sauti huzunguka kwenye mawe na maneno hukufikia yamepandana. Na uchukue sweta. Jioni ya Nairobi humshangaza mtu aliyetoka Mombasa na shati la mikono mifupi.

Ukibaki Mombasa

Mji wetu hauna okestra kamili ya simfoni ya kudumu, na sababu si uvivu wala ukosefu wa vipaji. Okestra ni mshahara au muda wa bure wa watu wengi kwa wakati mmoja, na ni jukwaa linalobeba kwaya nyuma yao. Kisha kuna hali ya hewa. Fidla na chelo ni mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, na unyevu wa bahari huzivimbisha. Joto likipanda, nyuzi hulegea na sauti yake hushuka, wakati ala za kupuliza hupanda kwa sababu hewa iliyomo ndani yake imepata moto. Yaani jioni ya joto huzisukuma nusu mbili za okestra pande mbili tofauti. Ndiyo maana nina wasiwasi na matamasha ya okestra yanayowekwa uwanjani hapa pwani saa kumi jioni, hata ukumbi ukiwa wa kupendeza kama vile pembezoni mwa bahari Mama Ngina. Likitangazwa la usiku, nenda. La jua kali, fikiri tena.

Lakini sauti ya mwanadamu haina gundi, na kuimba ndiko Mombasa inakojua. Upande wa Kisauni, Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao bado inaipa Kengeleni jina lake. Kwaya zetu hazijaanza jana. Kwenye barabara ya Nkrumah yako makanisa makuu mawili yasiyo mbali na mwenzake: Mombasa Memorial Cathedral ya Kianglikana, iliyokamilika mwaka 1905, yenye kuba na matao yaliyochukua sura ya majengo ya Kiarabu, na Holy Ghost Cathedral ya Kikatoliki. Ukitaka kujua ibada ya nyimbo itakuwa lini, sikiliza matangazo ya Jumapili kuanzia mwishoni mwa Novemba au uulize ofisi ya parokia. Usingoje bango barabarani.

Kwa Waanglikana mpangilio unaofahamika zaidi ni wa masomo tisa na nyimbo. Ulianza Truro, Uingereza, mwaka 1880, ukapata umaarufu kupitia King's College ya Cambridge kuanzia 1918. Masomo huanzia Mwanzo, anguko la Adamu, hupitia manabii, hufika Bethlehemu, na kumalizia na mwanzo wa Injili ya Yohana. Baada ya kila somo kuna wimbo, mwingine wa kwaya peke yake, mwingine wa watu wote. Ni kama saa moja na nusu. Kwa Wakatoliki kuna nyimbo kabla ya misa ya mkesha, na hapo kayamba na ngoma huingia, jambo ambalo tamasha la Nairobi halitakupa.

Faida kubwa ya hapa ni kwamba unaimba. Kwenye tamasha wewe ni msikilizaji, na kwa watu wengi waliokulia kwaya hilo ni adhabu ndogo: unaijua sauti ya pili ya wimbo ule tangu utotoni, na imekubidi ufunge mdomo. Kanisani hakuna atakayekugeukia ukiimba. Kama una solfa kichwani, kaa karibu na watu wa sauti yako.

Upungufu nao upo, niuseme. Kinanda cha umeme kikishika nafasi ya okestra, mpigaji akaweka mlio wa fidla za kompyuta, wimbo hupoteza uhai. Afadhali kwaya iimbe bila ala kabisa. Na joto: feni za ukutani zikizungushwa kwa kasi huvuma juu ya sauti za chini. Kaa theluthi ya mbele, mbali na feni, na uchukue maji. Ukitoka ng'ambo ya Likoni tarehe 24, ihesabie feri muda wake, kwa sababu jioni hiyo kila mtu ana mahali pa kwenda.

Nyumbani

Hapa sitakaa sana. Kusikiliza nyumbani ni rahisi na bei yake ni bando. Sauti peke yake, ya kiwango cha kawaida, hula takriban MB 60 kwa saa, kwa hiyo Messiah nzima ni kama MB 150. Video nzuri hula mara nyingi zaidi ya hapo. Tumia spika yenye besi au vipokea sauti vya kufunika masikio, usitegemee spika ya simu.

Kinachostahili kungojwa moja kwa moja ni ibada ya King's College, ambayo BBC imekuwa ikiitangaza redioni tangu 1928. Huanza saa tisa alasiri ya Uingereza tarehe 24 Desemba, na hiyo kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Mvulana mmoja huimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa kufungulia peke yake, na huambiwa ni yeye muda mfupi tu kabla ya kuanza. Mtu wa Mji wa Kale atasikia adhana ya magharibi kabla ibada haijafika katikati. Zima spika kidogo, adhana ipite, kisha uendelee. Majirani wameishi hivyo hapa miaka na miaka.

Nyumbani pia ndipo pa kujiandaa. Isikilize Haleluya au The Nutcracker wiki mbili kabla ya safari, ukiwa jikoni au ndani ya matatu. Sikio linalotambua kitu hufurahia zaidi kuliko lililokutana nacho ghafla.

Nani achague kipi

Mwenye watoto chini ya miaka saba asiwapeleke Messiah. Tamasha la mchanganyiko linawafaa, tena la mchana, karibu na mlango. Hakuna la mchanganyiko? Ibada ya nyimbo Mombasa inatosha kabisa, na mtoto akilala kwenye benchi hakuna hasara ya nauli.

Mama au nyanya ambaye magoti yanamsumbua namhurumia safari ya Nairobi, hata daraja la kwanza. Kukaa kwenye treni si tatizo. Tatizo ni ngazi, foleni za ukaguzi na kutoka ukumbini usiku. Lakini muulize mwenyewe. Wapo wazee wanaoimba kwaya tangu ujana ambao hawajawahi kusikia okestra hata siku moja, na kwao ningeilipa safari hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Mpeleke siku moja kabla, alale, apumzike.

Wachumba na wanandoa vijana, nendeni Nairobi.

Asiyekuwa Mkristo lakini anapenda muziki huwa huru zaidi kwenye tamasha kuliko kwenye ibada, kwa kuwa ibada ina sala na sadaka na wakati mwingine mahubiri. Maneno ya nyimbo ni yale yale, ila ukumbini ameketi kama msikilizaji, hahitajiki kuitikia. Akialikwa kanisani na jirani, aende pia, akae anaposhauriwa.

Mwanakwaya ana njia ya nne ambayo wengi hawaifikirii: kuimba ndani ya tamasha lenyewe. Kwaya kubwa za Desemba hufanya mazoezi kwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayeishi Mombasa hawezi kuhudhuria Nairobi kila wiki. Lakini akiwa na kazi au masomo yatakayomweka Nairobi kuanzia Septemba, aulize. Ajifunze kusoma noti za mistari mitano mapema, kwa sababu solfa peke yake haitamfikisha mbali huko.

Na yule wa bandarini mwenye jioni moja: kama jioni yako ni ya tarehe 24, achana na Nairobi. Toka kazini moja kwa moja, chukua tuktuk mpaka barabara ya Nkrumah, ingia nusu saa kabla, chukua karatasi ya nyimbo mlangoni na uimbe sauti yako. Kama jioni yako ni ya Jumamosi ya mwanzo wa Desemba na Jumapili huna zamu, angalia kwanza kama kuna nafasi kwenye treni ya kurudi. Ikiwepo, lipa leo.